Anayekufa akifukuzwa na polisi, damu yake inadaiwa kwa nani?

Ndugu wasikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini, na mara nyingi huliuliza wakiwa msibani. Askari wakimfukuza mtu kwa gari, na katika kufukuzana huko mtu akafa, nani anawajibika mbele ya sheria? Ni marehemu mwenyewe aliyekataa kusimama? Ni dereva wa gari la polisi? Ni mkuu wake aliyetoa amri? Au ni Serikali iliyomwajiri?

Nimeulizwa swali hili hata hapa mjini, lakini waliolikazania zaidi ni watu wa kusini, wa Nachingwea na Ruangwa. Wala si ajabu. Reli iliyojengwa huko wakati wa ule mpango wa karanga wa Waingereza iling'olewa mapema miaka ya 1960, na tangu hapo kila mtu na kila mzigo hupita barabarani. Mkazi wa Marambo akiwa na mgonjwa, au akitaka kwenda mjini Nachingwea kufuata hati ya shamba, mara nyingi usafiri unaopatikana kwanza ni pikipiki. Kanuni za mwaka 2010 zilizozitambua pikipiki kuwa chombo cha kubeba abiria kwa malipo zilihalalisha tu jambo ambalo vijijini lilikuwa limekwisha kuota mizizi.

Ukifika msimu wa korosho, kuanzia mwezi wa Oktoba, mambo huongezeka. Mchana pikipiki hubeba abiria, wakati mwingine watatu kwa mpigo, ule mtindo unaoitwa mshikaki. Usiku nyingine hubeba magunia ya kangomba, yaani korosho zilizonunuliwa kwa kumlalia mkulima, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Mshikaki ni kosa, na kangomba ni kosa. Askari wana haki ya kuyazuia yote mawili. Tunachouliza leo ni kwamba wayazuie kwa gharama gani.

Ili tusimhukumu mtu yeyote, natoa mfano wa kubuni. Kijana wa bodaboda amempakia mama mmoja. Hana kofia ngumu na leseni yake imekwisha. Mbele anaona askari wa usalama barabarani wanampungia mkono asimame. Anageuza pikipiki na kukimbia. Difenda la polisi linawashwa na kumfuata. Mbele kuna kona, mchanga na watoto wanaotoka shule. Pikipiki inateleza, inaingia mtaroni, na yule mama anafariki dunia papo hapo. Hana leseni ya kuisha, hakuvunja sheria ya kangomba, hakumwambia dereva akimbie. Nani ajibu?

Kabla ya kujibu ni lazima tutenganishe mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya. Kuna kesi ya jinai na kuna kesi ya madai. Katika kesi ya jinai, Jamhuri inamshtaki mtu fulani, kwa jina lake, kwamba ametenda kosa, na akipatikana na hatia anafungwa au kutozwa faini. Katika kesi ya madai, familia ndiyo inayofika mahakamani kudai fidia, na inaweza kuidai Serikali yenyewe. Kesi ya kwanza ikishindikana, ya pili haifi kwa sababu hiyo. Hata kipimo cha ushahidi si kimoja. Katika jinai ni lazima hatia ithibitishwe bila kuacha mashaka yenye msingi. Katika madai inatosha mizani ielemee upande mmoja zaidi ya mwingine.

Tuanze na jinai. Kanuni yetu ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria, katika kifungu cha 195 inasema kwamba mtu anayesababisha kifo cha mwenzake kwa tendo lisilo halali, au kwa uzembe mkubwa wa kutotimiza wajibu wa kulinda uhai, anatenda kosa la kuua bila kukusudia. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Sheria hiyo haisemi popote kwamba mwenye sare amesamehewa. Watu wa Nachingwea wanalijua hilo, maana Januari 2022 maofisa na askari saba wa polisi walifikishwa mahakamani huko Mtwara kwa tuhuma za kumuua kijana mfanyabiashara aliyetoka wilayani kwao. Tuhuma zile hazikuhusu kufukuzana barabarani, lakini zilionyesha kwamba askari naye husimama kizimbani.

Sasa, atasema wakili wa askari, "Mteja wangu hakumgusa marehemu. Pikipiki iliteleza yenyewe." Hapa ndipo kifungu cha 203 kinapoingia, na ningependa kila msikilizaji akikumbuke. Kinaeleza kwamba mtu anaweza kuhesabiwa kuwa amesababisha kifo hata kama tendo lake silo lililoua moja kwa moja, wala silo sababu pekee. Miongoni mwa hali zinazotajwa ni pale mtu anapomtumia mwenzake nguvu au kumtishia, na yule aliyetishiwa, katika kujiokoa, akafanya jambo ambalo katika hali ile lingeonekana la kawaida kwake, nalo likamuua. Hali nyingine ni pale tendo la mtu lisingeua peke yake, lakini likaungana na tendo la marehemu au la watu wengine.

Chukueni mifano. Askari aliyesimama kando ya barabara anamrushia rungu mwendesha pikipiki, yule anakwepa na kugonga mti. Dereva wa difenda anaisogelea pikipiki kwa nyuma mpaka karibu aiguse, kijana anahofia kugongwa na kujitupa mtaroni. Katika hali kama hizo neno "nilikuwa simgusi" halitoshi kumwokoa askari. Lakini gari la polisi likifuata kwa mbali, king'ora kikilia, bila tishio lolote, na kijana mwenyewe akachagua kwenda mbio za hatari, mzigo mkubwa unarudi kwake. Sheria haimhukumu askari kwa kufuata tu. Inaangalia alifuata namna gani, na kwa ajili ya nini.

Hilo la "kwa ajili ya nini" ndilo moyo wa jambo lenyewe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamkataza askari kutumia nguvu kupita kiasi kinachohitajika kumkamata mtu. Kanuni ya Adhabu nayo inaitaka mahakama, inapopima kama nguvu iliyotumika dhidi ya mtu anayekimbia ilikuwa ya haki, iangalie uzito wa kosa alilotenda mtu huyo na mazingira yake. Jambazi aliyetoka kupora duka kwa bunduki si sawa na kijana asiye na kofia ngumu. Wa kwanza akiachwa aende anaweza kuua mtu mwingine jioni hiyo hiyo. Wa pili akiachwa aende, kesho atakuwa pale pale kijiweni kwake. Katiba yetu katika ibara ya 14 inalinda haki ya kila mtu ya kuishi, na katika ibara ya 13 inakataza mtu kutendewa kama mwenye hatia kabla hajathibitika hivyo. Kosa ambalo adhabu yake ni faini haliwezi kugeuzwa barabarani kuwa kosa la adhabu ya kifo.

Watu wengine huniambia, "Lakini gari la polisi lina ruhusa ya kwenda mbio." Ni kweli kwamba magari ya polisi, ya zimamoto na ya wagonjwa hupewa kipaumbele yakiwa kwenye dharura, na sisi wengine tunatakiwa kuyapisha. Ruhusa hiyo ni ya kupishwa. Si ruhusa ya kugonga. Dereva wa gari hilo anabaki na wajibu wa kuangalia watu wanaovuka, kama dereva mwingine yeyote. Tupige hesabu kidogo. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakwenda karibu mita 22 katika sekunde moja. Kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki, gari limekwisha kula urefu wa nyumba kubwa. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki huongezeka mara nne. Na hiyo ni barabara kavu ya lami. Kwenye changarawe au mchanga hesabu inakuwa mbaya zaidi. Sasa weka magari mawili katika mwendo huo, mbele ya gulio.

Ndugu wasikilizaji, tugeukie madai. Hapa inafaa tumtazame kila marehemu peke yake, maana sheria haiwatazami wote kwa jicho moja.

Wa kwanza ni yule aliyekuwa akikimbia. Familia yake inaweza kudai, lakini itaulizwa juu ya mchango wake mwenyewe katika ajali. Sheria yetu inaruhusu lawama zigawanywe, na fidia ipunguzwe kwa kadiri ya uzembe wa marehemu. Nchini Uingereza, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani katika kesi ya Marshall na Osmond ilisema kwamba polisi ana wajibu wa uangalifu hata kwa mshukiwa anayemfukuza, ila kipimo ni kile kinachofaa katika hali ile ya kufukuza. Mshukiwa yule alishindwa kesi, lakini kanuni ilibaki kwamba kukimbia hakumtoi mtu katika ulinzi wa sheria.

Wa pili ni abiria, yule mama wa mfano wetu. Yeye ana madai yenye nguvu zaidi. Yanaweza kumwelekea mwendesha pikipiki aliyekimbia naye, na yanaweza kuelekea Serikali pia kama askari walifukuza kwa uzembe huku wakimwona amepakiwa.

Wa tatu ni mpita njia: mtoto wa shule, mchuuzi wa mihogo, mzee anayesukuma baiskeli. Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Huyu hana mchango wowote, na mahakama haiwezi kumpunguzia chochote. Kama aligongwa na mkimbizi, mkimbizi anashtakiwa kwa kuua kwa kuendesha kwa hatari. Lakini hilo halizuii familia kuuliza mahakamani kama polisi nao walichangia.

Wa nne tunamsahau: askari mwenyewe. Naye hufa katika mbio hizi, naye huacha mjane na watoto. Utaratibu mbaya wa kufukuza unamuua yeye pia, na mwajiri wake ndiye aliyempeleka kule.

Je, Serikali inashitakiwa? Ndiyo. Sheria ya Mashauri ya Serikali ya mwaka 1967 inaifanya Serikali iwajibike kwa makosa ya watumishi wake waliyoyatenda wakiwa kazini, kama mwajiri mwingine anavyowajibika. Zamani ilikuwa lazima kwanza upate kibali cha Serikali hiyo hiyo unayotaka kuishitaki. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilisema kwamba sharti hilo linapingana na Katiba. Bunge likaibadilisha sheria mwaka uliofuata, na badala ya kibali sasa mdai anatoa taarifa ya siku 90. Mabadiliko ya mwaka 2020 yameongeza kwamba Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe katika shauri, na yamezihusisha pia halmashauri. Maana yake ni kwamba hata mgambo wa halmashauri akifukuza mtu mpaka akafa, njia ni hiyo hiyo.

Kesi yenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu, ambayo watu wa Nachingwea na Ruangwa kwa miaka mingi wameifuata Mtwara. Kwa kawaida anayeifungua ni msimamizi wa mirathi ya marehemu, kwa niaba ya mjane au mgane, watoto na wazazi waliokuwa wakimtegemea. Kwa hiyo hatua ya mwanzo mara nyingi ni kikao cha ukoo na barua ya usimamizi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 nayo imeweka mipaka ya muda, na mlango wa madai mengine hufungwa mapema. Familia inayongoja arobaini ipite, kisha mavuno yapite, kisha uchaguzi upite, inaweza kukuta mlango umefungwa.

Faida ya njia hii ya madai inaonekana pale jinai inapokwama. Februari 2018, mwanafunzi mmoja wa chuo aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala huko Kinondoni, Dar es Salaam, wakati polisi wakitawanya waandamanaji. Nchi nzima ilisikitika. Miezi miwili baadaye jalada la jinai dhidi ya askari likafungwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Katika jinai ni lazima umwonyeshe kidole mtu mmoja aliyetenda. Katika madai dhidi ya mwajiri, swali kubwa huwa ni kama mtumishi wake, yeyote awaye, alitenda kwa uzembe akiwa kazini. Tofauti hiyo ndogo ya kisheria ni kubwa sana kwa mzazi aliyebaki.

Msidhani wenzetu wa ng'ambo wamelimaliza jambo hili. Nchini Marekani, mwaka 1989, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisikiliza kesi ya Brower, mtu aliyekufa baada ya polisi kuweka lori refu kuziba barabara nyuma ya kona, usiku, huku taa za gari la polisi zikidaiwa kumulika machoni pake. Mahakama ilisema kumzuia mtu kwa namna hiyo ni sawa na kumkamata, na ukamataji lazima upimwe kama ulikuwa wa haki. Lakini mwaka 1998, katika kesi ya kijana wa miaka 16 aliyekufa akiwa abiria wa pikipiki iliyokuwa ikifukuzwa Sacramento, mahakama hiyo hiyo ilisema Katiba yao haimwajibishi askari katika mbio za namna hiyo kama hakuwa na nia ya kudhuru. Huko Ufaransa, mwaka 2005, vijana wawili waliokimbia polisi kwa miguu walinaswa na umeme katika kituo cha transfoma, Clichy-sous-Bois. Machafuko yakaenea nchini kwa karibu wiki tatu. Askari wawili walishtakiwa kwa kutowasaidia, na mwaka 2015 wakaachiwa huru. Miaka kumi ya kungoja! Watu wasipoona njia ya kupata jibu, hulitafuta kwa mawe na matairi yanayowaka.

Na hapo ndipo ninapotaka kusema na wananchi wenzangu. Kifo kikitokea, hasira ni ya haki, lakini hasira haiandiki ushahidi. Kituo kikichomwa moto, kinachoungua pamoja nacho ni kitabu cha taarifa na jalada la marehemu. Badala yake, wakati gari liko pale, chukueni namba zake. Andikeni saa, mahali, na majina ya walioona kwa macho yao. Pigeni picha za alama za matairi kabla mvua au magari mengine hayajazifuta. Najua sisi huharakisha mazishi, na dini zetu zinatuhimiza hivyo. Lakini ombeni daktari aukague mwili kwanza na aandike alichokiona. Mfupa uliovunjwa na rungu na uliovunjwa na mtaro havifanani. Iko pia sheria ya mwaka 1980 ya uchunguzi wa vifo vyenye mashaka, inayomruhusu hakimu kuchunguza sababu ya kifo hadharani. Familia iiombe, kwa maandishi. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko. Asiye na fedha ya wakili awatafute wasaidizi wa kisheria, ambao kazi yao imetambuliwa na sheria ya mwaka 2017.

Kwa vijana wa bodaboda nina neno moja. Kusimama unaposimamishwa na askari mwenye sare ni wajibu wa kisheria. Faini inauma, lakini inalipika. Yule uliyempakia hakukukabidhi roho yake uende ukaichezee kamari.

Kwa wakuu wa polisi nina maneno zaidi. Pikipiki ina namba ya usajili, ina mwenye mali, na ina kijiwe chenye mwenyekiti anayewajua wenzake wote. Simu ya upepo inakwenda kasi kuliko gari lolote. Kosa dogo linaweza kuandikwa leo na mkosaji akafuatwa kesho, akiwa amekaa. Kinachotakiwa ni amri iliyoandikwa na kujulikana na wananchi, inayosema ni makosa gani yanayostahili kufukuzana, nani anatoa ruhusa, na lini ni lazima gari lipunguze mwendo na kuacha. Na kifo kikitokea, kichunguzwe na mtu asiyetoka katika kituo kile kile. Haki inayopimwa na mshtakiwa mwenyewe, hata ikiwa ya kweli, hakuna atakayeiamini.

Jibu la swali letu basi ni hili. Damu ya anayekufa akifukuzwa haidaiwi kwa mtu mmoja siku zote. Aliyekimbia atajibu sehemu yake, askari aliyefukuza kwa uzembe atajibu yake, na Serikali iliyomtuma itajibu kwa fidia. Lakini sheria hizi zote zimelala vitabuni mpaka mtu aziamshe, na mwenye kuziamsha ana siku 90 za kungoja baada ya kutoa taarifa yake. Kwa hiyo taarifa hiyo iandikwe mapema.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.